Kizibo, kijiti cha mshikaki na mvumo wa G

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha tangu alfajiri, bajaji ilisimama mbele ya kibaraza changu cha ufundi hapa Magomeni. Ndani mlikuwa na abiria wawili: mzee mwenye mwavuli, na amplifaya iliyofungwa kanga, juu ya kanga nailoni. Mwavuli ulikuwa upande wa amplifaya. Mzee mwenyewe alikuwa amelowa hadi soksi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ita na kijana mwingine hapo, huyu mgonjwa habebwi na mtu mmoja."

Kweli, mzigo ule unazidi kilo 30. Ni amplifaya ya gitaa, ya Kiingereza, ya wati 30, spika mbili za inchi 12, na ndani ni valvu tupu, zile chupa za kioo zinazowaka zilizotumika kabla ya transista: ECC83 kadhaa mbele, EL84 nne nyuma za kusukuma spika, na GZ34 ya kunyoosha umeme. Mwenye nayo nitamwita Mzee Rizimu, maana kupiga gitaa la rizimu ndiyo kazi yake. Yupo kwenye bendi za dansi tangu mimi nakwenda shule peku, na amplifaya hiyo aliinunua mwaka 1984 kwa mpigaji mwenzake aliyekuwa anarudi kwao Kongo.

"Inasumbua nini, mzee?"

"Kelele."

"Kelele ya namna gani?"

"Kelele tu. Kwani kelele ina namna?"

Hapo ndipo ninapogombana na nusu ya wateja wangu. Mtu akienda kwa daktari hasemi "naumwa" akanyamaza. Atasema kichwa, tena upande wa kushoto, tena usiku. Lakini amplifaya ikianza vurugu ni "kelele", basi. Na fundi asiyeuliza naye anaanza kubahatisha. Mzee alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja kabla yangu, akaambiwa anunue EL84 mpya zote nne. Valvu siku hizi zinatoka Slovakia, Urusi na China, huku kwetu hazipo dukani, kwa hiyo mzee alimwagiza mpwa wake aliyeko Ulaya na akasubiri miezi miwili. Zikaja, zikawekwa, kelele ikabaki pale pale. Simcheki huyo fundi. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilishia watu valvu nzima kabisa, kwa sababu valvu ndicho kitu pekee nilichojua kukichomoa.

Nikamvutia mzee kigoda, nikaagiza chai, nikamuuliza moja moja. Kelele inaanza ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukipunguza volumu inafuata au inabaki? Ipo hata usipopiga?

"Ile ya kuvuma ipo toka nawasha. Ile ya kutatarika inakuja baada ya nyimbo mbili hivi. Halafu kuna kitu kinagongagonga nikishika C, ile ya chini. Na wenzangu wanasema gitaa langu linapanda lenyewe, lakini hilo si la amplifaya."

Kumbe zote alikuwa anazijua, ni vile hakuwa ameulizwa. Nikaandika tatu kwenye daftari. La nne, la gitaa kupanda, sikuliandika.

Sasa kabla sijafungua mfuniko niseme neno kwa vijana wanaoniandikia kwamba nao wanataka kujaribu nyumbani. Ndani ya amplifaya ya namna hii mna volti zaidi ya 300 za DC, umeme wa kwenda upande mmoja, na kapasita zake zinaweza kukaa na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Mwaka 2009 nilichomoa plagi, nikanywa chai, nikarudi, nikaingiza vidole. Nilijikuta nimekaa kwenye ndoo ya maji ya mke wangu, nimeshika bisibisi iliyoungua ncha. Tangu siku hiyo nina rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 yenye vibanio viwili: kimoja kwenye chesisi, kingine kwenye kapasita, nasubiri, halafu napima na mita mpaka nione imeshuka karibu na sifuri. Nikilazimika kupima ikiwa inawaka, mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Na hii amplifaya usiiwashe kamwe bila spika. Ukiipiga hivyo unaweza kuunguza transfoma ya sauti, na hiyo haiagizwi kwa mpwa.

Haya. Niliiwasha bila kuchomeka gitaa, volumu zote sifuri. Ikapata moto, ikaanza: mmmmmmm. Volumu iko sifuri lakini mvumo haujali. Hilo peke yake limeshanipa nusu ya jibu. Kinachonyamaza ukifunga volumu kimetoka kabla ya volumu: jeki, valvu ya kwanza, rezista zake. Kisichonyamaza kimeingia baada ya hapo, au kimekuja na umeme wenyewe.

Nusu ya pili huwa naipata kwa gitaa kavu. Mimi ni mpiga besi wa kanisani, oskiloskopu ya kuonyesha mawimbi sina, masikio ninayo. Nilishika freti ya tatu ya uzi wa sita, hiyo ni G, hezi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Nikaigonga karibu na amplifaya. Sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana huwa zinapigana, na hapa nilizisikia waziwazi zinavyopanda na kushuka: wa... wa... wa... kama mara mbili kwa sekunde. Tisini na nane ukiongeza mbili ni mia. Mvumo ulikuwa wa hezi 100.

Kwa nini naishikia bango namba hiyo? Umeme wa ukutani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. GZ34 ikishaunyoosha, kwenda na kurudi vyote vinageuka kwenda, unapata misukumo 100. Kama ningesikia G ya chini zaidi, ile ya besi, karibu hezi 50, ningeanza kutafuta waya za volti 6.3 zinazowasha valvu, au mambo ya athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, au gitaa lenyewe linalonasa mvumo wa taa za nyumba. Lakini 100 ni harufu ya kapasita za kulainisha umeme. Kazi yake ni kama tangi kwenye nyumba yenye mgao wa maji: maji yanaingia kwa misukumo, wewe bombani unayaona yametulia. Tangi likijaa tope likabaki kushika ndoo moja, bomba linakohoa. Amplifaya haikohoi, inaimba G.

Nikafungua. Kapasita kubwa, mbili ndani ya kopo moja la bati, kopo limevimba kichwani kama mkebe wa samaki uliooza. Nilipima mawimbi yaliyopanda juu ya DC kule mbele, kwenye umeme unaolisha ECC83. Mahali ambapo nategemea chini ya nusu volti, mita ilisoma karibu volti 4. Kapasita hizi zina maji ya dawa ndani, na yanakauka. Zikifika miaka 20 zimeshafanya kazi ya kutosha, na hizi zilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu.

Kuna kishawishi hapa. Kijana anayenisaidia aliniuliza, "Kaka, kama tangi dogo ndilo linaleta mvumo, si tuweke kubwa kabisa, mikrofaradi 220, tumalize kazi?" Nikamwonyesha kwenye karatasi ya vipimo vya GZ34: kapasita ya kwanza isizidi mikrofaradi 60. Ukiiwekea tangi kubwa mno, kila unapowasha inalazimika kulijaza kwa mkupuo, na siku moja utaona cheche ndani ya kioo halafu giza. Tukaweka za ukubwa ule ule wa mwanzo, volti 500 badala ya 450 kwa sababu umeme wa mtaani kwetu asubuhi una nguvu za ajabu na jioni umechoka.

Mvumo ukaisha. Sikusema umepungua, umeisha. Mpaka ukaribie kitambaa cha spika ndipo unasikia pumzi kidogo, na pumzi hiyo ni halali yake. Valvu yoyote ina shhh yake. Mzee alipopiga akodi za juu, zile za rizimu ya dansi zinazochezwa huko freti ya kumi na mbili, akasimama. "Yule mwingine kaenda wapi?" Mwingine nani? Akaniambia miaka mingi akipiga juu huwa anasikia noti ya pili chini yake, mbovu, kama mtu anamwigiza. Alidhani nyuzi. Aliwahi kubadilisha gitaa kwa ajili hiyo. Ni zile zile kapasita: mawimbi ya 100 yanajichanganya na noti unayopiga, yanazaa noti isiyokuwepo. Mimi huiita mzimu.

Kutatarika kulikuwa na ukaidi. Tulikaa tunasubiri ipate moto, na kweli, baada ya dakika kumi na tano ikaanza, tata, tatata, kama bisi zinapokaribia kuiva. Nikafunga volumu: kimya. Basi ni huko mbele. Nikaweka ECC83 nyingine ninayoiamini: bado. Nikasafisha soketi, pini moja moja, kwa dawa ya kontakti na brashi ya meno. Hewa yetu ina chumvi, na pini za soketi za zamani zinaota ukungu wa kijani. Bado.

Ndipo nikatoa chombo changu cha thamani, kijiti cha mshikaki. Usicheke. Unanunua mshikaki jioni, unakula nyama, unaosha kijiti, unakianika juani siku mbili mpaka kikauke kabisa. Mwanzi mkavu haupitishi umeme, una ncha nyembamba, na ni mrefu, kwa hiyo vidole vinakaa mbali. Usitumie penseli; risasi ya penseli inapitisha umeme, na kuna jamaa namjua aliyejifunza hilo mbele ya mteja. Amplifaya ikiwa inawaka, volumu imefunguliwa kiasi, nikaanza kugonga taratibu: waya huu, kimya. Kapasita hii, kimya. Valvu yenyewe, "ting" ndogo, inavumilika. (Ikilia "tiiing" ndefu kama kengele hiyo imekuwa maikrofoni, naihamishia mahali pasipo na ukuzaji mkubwa, mara nyingi inafaa huko.) Nikagusa rezista moja ya kahawia, kiloomu 100, inayolisha anodi, mguu wa kutolea sauti, ya valvu ya kwanza. Haikuhitaji kugongwa. Kuisogeza tu ikalipuka: tratatatata! Mzee aliinua miguu kwenye kigoda.

Rezista zile za zamani zimetengenezwa kwa unga wa kaboni uliokandamizwa, na miaka 40 ya unyevu wa Dar es Salaam unaingia humo. Ikipoa inafaa, ikipata moto inaanza kujisemea. Nikazima, nikamwaga umeme, nikapima, nikalehemu mpya ya utando wa metali. Shilingi mia tano. Valvu nne za mpwa sitaji bei yake.

Huwa naulizwa pia kuhusu amplifaya zinazonasa redio. Hiyo ipo, sikuletewa na mzee huyu ila na kanisa moja la ng'ambo ya Kigamboni: katikati ya maombi ya kimya inatoka taarabu. Jeki ya kuingilia ilikuwa na kutu, na kontakti yenye kutu inaweza kunasa mawimbi na kuyageuza sauti kama redio ya mtoto wa shule. Nilibadilisha jeki, nikasogeza rezista ya kiloomu 68 ikakaribia kabisa gridi, mguu wa kuingizia sauti, ya valvu ya kwanza, na waumini wakarudi kwenye maombi. Ile ya "ti-ti-ti, ti-ti-ti" inayotangulia ujumbe si ugonjwa. Ni simu yako uliyoweka juu ya amplifaya. Iondoe.

Ilibaki ya tatu, ile ya C. Mzee akishika freti ya tatu ya uzi wa tano, nyuma ya noti kunakuja mlio mkavu, drrr. Noti nyingine zote safi. Fundi wa valvu atakwambia ni valvu inacheza. Mimi nilizima, nikachomoa spika zake, nikaunganisha kabati langu la majaribio, nikawasha: C safi kama maji. Basi si umeme, ni mbao au spika. Nikarudisha spika zake, nikaweka simu yenye programu ya kutoa toni, nikaipandisha polepole. 120, kimya. 125, kimya. Ilipofika 130 na kitu, drrrrr. Nikaiacha hapo hapo, nikawa nabonyeza kwa kidole: kibao cha nyuma, mpini, skrubu, chemchemi za kushikia valvu. Mpaka nikapitisha mkono nyuma ya spika ya kushoto, nikagusa kitu chembamba chenye meno.

Kizibo cha bia. Amplifaya hizi ziko wazi nyuma, na bendi ya dansi inapiga baa. Siku moja, sijui mwaka gani, mtu amefungua chupa, kizibo kimeruka, sumaku ya spika ikakidaka kikiwa hewani au kikianguka, kikanasa ukingoni, nusu kimegusa bati la fremu. Kimekaa humo kinasubiri C. Nembo ilikuwa imeliwa na kutu yote. Mzee alikigeuza geuza kiganjani, akakitia mfuko wa shati.

Jumamosi aliniita niende nikaisikie kazini. Nilifika saa mbili, wanafunga vyombo, na nikiwa bado getini nikausikia: mmmm. Moyo ukaanguka. Lakini nikasimama, nikasikiliza. Haukuwa ule. Huu ulikuwa wa chini zaidi, na una nyuki ndani yake, zzz, na mzee akishika nyuzi unapungua, akiachia unarudi. Halafu mwimbaji akasogeza mdomo kwenye maiki huku ameshika gitaa la mzee, akaruka. "Hii maiki inapiga shoti!"

Nikafuata waya wa amplifaya. Plagi niliyofunga mwenyewe, pini tatu, sawa. Imechomekwa kwenye ekstensheni ya baa, matundu matatu, sawa. Kinanda kiko pale pale kwa plagi ya pini mbili, na tundu la athi limezibwa na kijiti cha kiberiti ili vile vilango vifunguke. Mnaijua hiyo, nchi nzima tunafanya. Nikachomoa ekstensheni, nikaigeuza, nikaifungua kwa bisibisi. Ndani, vipande vya athi vinang'aa kama vimetoka kiwandani leo, havijaunganishwa na chochote. Waya uliotoka ukutani ulikuwa wa nyaya mbili. Matundu matatu yalikuwa pambo.

Maana yake chesisi ya amplifaya inaelea, nyuzi za gitaa zinaelea nayo, na athi pekee iliyo karibu ni maiki ya mwimbaji, kwa hiyo athi inapitia mdomoni kwake. Nina ekstensheni yangu yenye nyaya tatu, huwa inakaa kwenye begi pamoja na vijiti. Tukachomeka mikisa, kinanda na amplifaya zote tatu kwenye tundu moja la ukutani kupitia hiyo, nikapima athi kwanza, ikawepo. Mvumo ukakatika kama umefungwa bomba. Ile ya baa nikamkabidhi meneja mkononi na kumwambia aitupe. Nilipoondoka usiku ilikuwa inawasha friji ya soda.

Wakaanza kujiandaa. Mzee Rizimu akageuka akaiangalia amplifaya. Akageuka tena. Mara ya tatu akaja akainamia taa nyekundu, akanitazama kwa mbali, akatikisa kiganja: umeme upo? Nikamwonyesha gumba. Akapiga akodi moja, ikatoka nzito na safi, na yeye mwenyewe akashtuka.

Halafu akasimama tu, kichwa kimeinama upande, kidole kwenye freti ya tatu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekiweka mahali. Nikamfuata jukwaani. "Kuna tatizo, mzee?"

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mimi G yangu huwa naichukua kwenye ule mvumo. Nafunga nyuzi kwa huo. Sasa nitaipata wapi?"

Nikapiga hesabu pale pale. Hezi 98 na hezi 100. Theluthi na kitu ya nusu toni, juu. Nikamwambia. Mpiga besi, aliyekuwa amepiga magoti akifunga waya wake, akainua uso taratibu.

"Miaka kumi na moja," akasema, "miaka kumi na moja namwambia huyu mzee yuko juu!"